Ngano, Waya na Mpira wa Makaratasi: Utoto wa Zamani Timau

Historia ya Timau, mji mdogo wa baridi ulioko njiani baina ya Nanyuki na Meru, aghalabu husimuliwa kwa ekari na magunia: jinsi miteremko ya Mlima Kenya ilivyogawiwa walowezi wa Kizungu, wakiwamo askari waliopewa mashamba kwa mpango wa 1919 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jinsi ngano na shayiri zilivyofunika malisho, na jinsi baada ya uhuru wa 1963 baadhi ya mashamba yalivyokatwa vipande kwa ajili ya wananchi, mengine yakabaki makubwa kama yalivyokuwa. Masimulizi hayo ni ya kweli na yamestahili kuandikwa, lakini ndani yake mtoto haonekani ila anapochunga mbuzi au kuteka maji. Ilhali mtu mzima wa huko, akiulizwa ni kitu gani cha utotoni ambacho moyo wake ungali unakitamani, hataji ekari wala gunia, bali hutaja ladha ya punje za ngano, gari la waya na mpira wa matambara.

Ngano yenyewe ilikuwa ya mwenye shamba, lakini masuke yaliyoanguka nyuma ya mashine ya kuvunia yalikuwa ya yeyote aliyewahi kuyaokota. Mtoto alilichukua suke, akalifikicha baina ya viganja, akapuliza makapi, akazitia punje kinywani na kuzitafuna taratibu bila kumeza, hata wanga wote ukayeyuka kwa mate, kikasalia kidonge cheupe chenye kunata mithili ya ulimbo. Kidonge hicho ni gluteni, asili ile ile ya ngano inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika; na kwa kukigundua kwa meno yao, watoto ambao hawakuwa na senti ya kununulia chingamu dukani waliipata bure shambani, wakaitafuna tangu malishoni hadi nyumbani.

Kadhalika waya. Mashamba makubwa yalizungushiwa seng'enge, na palipo na seng'enge hapakosi vipande vinavyobaki fundi akishakaza ua. Vipande hivyo, katika mikono ya mvulana wa miaka tisa au kumi, vilipindwa vikawa fremu ya lori, na magurudumu yakatoka katika vifuniko vya makopo ya mafuta ya kupikia au katika soli ya ndara zilizokatika, kisha waya mrefu wenye usukani ukainuka hadi kifuani ili dereva akimbie wima nyuma ya gari lake. Nani aliyewafundisha? Hapakuwa na mwalimu wala kitabu. Walitazama malori yaliyobeba ngano kuelekea Nanyuki, ambako reli iliishia, wakayaiga kwa usahihi uliowashangaza wazee wao, na aliyejua zaidi akamwelekeza aliyejua kidogo. Naona huo ni uhandisi kamili, na sioni sababu ya kuuita jina dogo zaidi.

Mpira nao ulikuwa na tarikhi yake. Huko chini, Meru na Embu, mahali migomba inapostawi, watoto walifunga mpira kwa majani makavu ya mgomba. Lakini baridi ya Timau haikirimu mgomba, kwa hiyo wa huku walitegemea matambara na kamba ya katani. Mifuko ya plastiki ilipoenea madukani ukaja mpira wa makaratasi, yaani wa mifuko hiyo, ambao wengi huuita juala, mwepesi, wenye kudunda, usioogopa mvua. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ikapigwa marufuku nchini kote, na kwa haki, maana ilikuwa imeziba mitaro na kuua ng'ombe. Hata hivyo, pamoja na mifuko, ikaondoka malighafi ya mpira wa maskini.

Na waliosoma tangu 1979 watakukumbusha maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa bure shuleni katika pakiti za pembe tatu kwa amri ya Rais Moi, ambazo zikishanyonywa zilipulizwa na kupasuliwa kwa kisigino kwa kishindo kilichosikika mpaka ofisi ya walimu.

Haifai kudai kwamba umaskini ulikuwa neema. Baridi ya Julai juu ya nyayo zisizo na viatu haikuwa starehe, na wapo watoto ambao vibarua vya mashambani viliwanyima darasa na mchezo kwa pamoja. Kilichokuwa tunu ni wakati na mahali. Timau iko kaskazini kidogo tu ya Ikweta, jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, na baina ya kurudi kwa mifugo na giza palikuwa na muda usiodaiwa na mtu, wa michezo ya kati, bano, brikicho na kalongolongo, katika uwanda ambao hakuna aliyeuliza hati yake.

Muda huo umepungua tangu mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na masomo ya ziada yakazoeleka alasiri. Na uwanda umepungua kwa viwanja vilivyogawanywa, mabanda ya maua, na barabara ambayo mzazi mwenye akili hawezi kumwachia mtoto aikimbilie na gari la waya.

Hapo ndipo ninapowageukia wenye mamlaka. Ndovu washukao mlimani kwenda msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa wamehifadhiwa ushoroba wao wa kale, na tangu 2011 wanapita salama chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru kwa njia iliyojengwa kwa ajili yao, kazi njema inayowapa sifa walioifikiria na wenye mashamba waliotoa ardhi. Kenya pia imeridhia tangu 1990 mkataba wa kimataifa unaomtambulia mtoto haki ya kucheza, na sheria zetu za watoto zimeitia haki hiyo mkononi mwake. Basi, ikiwa ndovu walipatiwa njia yao na mtoto ana haki yake, Serikali ya Kaunti ya Meru, na nanyi wenye mashamba mliobaki na nafasi, tengeni viwanja vya watoto Timau, kimoja katika kila kijiji, kabla kipande cha mwisho hakijauzwa. Na ninyi wazazi, waacheni watoto huru jioni kabla jua halijazama.