Nani Alilipa Karo? Habari za Shule Zetu Tangu Zamani

Mwezi wa Septemba unapokaribia, hapa Kapalata wazazi wengi hawalali usingizi. Tajiri hulipa karo bila kuhesabu. Fukara huenda akaonewa huruma. Lakini mwalimu, karani, mwuguzi na mwenye duka dogo wako katikati. Watu husema, «Huyu ana mshahara,» basi hapati msaada. Naye akihesabu fedha yake, haitoshi watoto watatu. Ndipo huamua mmoja asome, wengine wangoje. Na mara nyingi anayengojeshwa ni msichana. Je, ilikuwa hivi tangu zamani?

Mwaka 1897 Padre Gabriel Grison alifika Stanley Falls, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Zamani zile watu hawakuwa na fedha ya kulipa. Mtoto wa misioni alilipa kwa mikono yake: alisoma, kisha akashika jembe. Mwaka 1906 Vatikano na Dola ya Leopold II walipatana: misioni zipewe ardhi, nazo zifundishe. Tangu mwaka 1925 serikali ya Wabeljiji ilizisaidia shule zetu kwa fedha. Na tuseme kweli: wenzetu Waprotestanti hawakupata msaada huo mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, ingawa kodi walilipa kama sisi.

Shule za chini zikawa nyingi, za juu zikawa chache. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954 tu. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada walikuwa wachache mno. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua chuo kikuu hapa kwetu, Stanleyville. Mlango wa vyuo hivyo ulikuwa mwembamba. Lakini baada ya uhuru wanafunzi wengi walisoma kwa bursi, yaani fedha ya serikali. Hivyo mtoto wa karani aliweza kukaa kiti kimoja na mtoto wa waziri.

Bursi yenyewe ilileta ugomvi. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa wakidai iongezwe. Askari wakawapiga risasi, wengine wakafa. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja. Mwaka 1974 ikazitwaa na shule za misioni. Mwaka 1977 ikazirudisha mikononi mwa Kanisa kwa mapatano, kwa kuwa imeshindwa kuziendesha.

Shule zilirudi, lakini fedha haikurudi. Thamani ya fedha ya nchi ikaanguka, mishahara ikawa kama hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu waligoma. Ili madarasa yasifungwe, ikakubaliwa wazazi wawalipe walimu. Dawa ile ilikuwa ya siku chache, ikakaa zaidi ya miaka 25. Angalieni jambo hili: mwalimu asiyelipwa vema na serikali alitoa mfukoni mwake kumlipa mwalimu wa mwanawe!

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure. Neno hilo lilianza kutimizwa kweli Septemba 2019. Madarasa yakajaa watoto waliokuwa wakikaa nyumbani. Lakini shule ya sekondari na chuo kikuu hulipiwa bado, na hapo ndipo mzazi wa katikati anapokwama.

Basi historia yatufundisha nini? Mzigo wa shule haupungui. Hubadilika tu kichwa kinachoubeba. Zamani uligawanywa: serikali, misioni, mzazi. Leo kwa shule za juu umemwangukia mmoja. Haki si kila mtu alipe sawasawa, bali kila mtu abebe kwa kadiri ya nguvu zake. Kwa hiyo, wazazi, tuhudhurie kamati za shule, tuulize hesabu, tudai stakabadhi. Na tusimwambie binti, «Wewe ngoja,» kabla ya kuketi na jamaa na jirani kutafuta njia. Mmoja hawezi, wengi huweza.