Hati ya usajili (Kolwezi)

Hati ya usajili, ambayo wakazi wa Kolwezi huiita *sertifika*, ndiyo karatasi pekee inayothibitisha kisheria haki ya mtu juu ya kiwanja nchini Kongo. Kwa Sheria ya Ardhi ya 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuutumia, ya kudumu au ya muda. Kwa hiyo anayeuza nyumba katika komuni ya Dilala au Manika huuza jengo pamoja na haki hiyo, si ardhi yenyewe.

Mauzo mengi hufanyika kwa karatasi ya komuni au ya mtaa tu, mbele ya mashahidi. Ni rahisi, lakini ni hatari: haki haihami mpaka msajili wa hati za ardhi atoe hati mpya kwa jina la mnunuzi. Hati ikishatimiza miaka 2, ni vigumu sana kuitengua. Mnunuzi mwangalifu huanzia kwa msajili, kisha huuliza majirani. Mwenzi wa ndoa wa muuzaji naye lazima akubali.

Kolwezi ina tatizo la ziada. Sheria ya madini hutenganisha haki ya kilicho chini ya ardhi na ya kilicho juu yake. Mwenye sertifika hamiliki kobalti iliyo chini ya sebule yake. Katika mtaa wa Kasulo, madini yalipogunduliwa mwaka 2014, watu walichimba mashimo ndani ya nyua zao, na baadaye familia nyingi zilihamishwa.