Limbuko, Wala Si "Toleo la Kwanza"

Nimeletewa rasimu ya faharasa ya istilahi za biashara ya vitabu. Humo nimekuta kidahizo kinachohusu zile riwaya za kutisha zinazowindwa na wakusanyaji wa Marekani na Uingereza, na tafsiri yake ni hii: "toleo la kwanza lililosainiwa na kutabarukiwa". Maneno sita, makosa mawili. Kamati iliyoketi kuyazaa maneno hayo sitaitaja, kwa kuwa barua niliyowaandikia mapema kuhusu jambo hilihili haikujibiwa, na sipendi ionekane kwamba nalipiza.

Msomaji anajua mkusanyaji anataka nini, kwa hiyo sitamchosha. Mkusanyaji wa Stephen King hatafuti *Carrie* yoyote. Anatafuta ile iliyotoka mtamboni mara ya kwanza, ya kampuni ya Doubleday, mwaka 1974. Huifungua hadi ukurasa wa 199, akachungulia karibu na mshono: akiiona P6, herufi ya mwaka na namba ya wiki ya uchapaji, anatulia. Asipoiona, anairudisha rafuni.

Sasa neno "toleo" linamsaidiaje mtu huyu? Toleo limetoka katika kutoa, na kazi yake ni kutaja maandishi yalivyotolewa katika sura fulani. *Frankenstein* ya Mary Shelley ilitoka mwaka 1818 bila jina la mtunzi, ikatoka tena 1823 ikiwa na jina lake, kisha 1831 mwenyewe akayapitia maandishi, akabadili mengi na kuongeza utangulizi. Hayo ndiyo matoleo, na hapo neno limekaa mahali pake. Lakini mchapaji akirudi mtamboni mwezi unaofuata na kupiga nakala nyingine bila kugusa hata nukta, toleo ni lilelile la kwanza. Kamati inasema kweli, na mnunuzi ametapeliwa.

Wapo waliopendekeza "chapa ya kwanza", na hao angalau wamebisha hodi kwenye nyumba inayostahili. Chapa tumeipata Bara Hindi, ambako ni muhuri, alama inayogandamizwa juu ya kitu. Huku kwetu ikapigwa kwenye ngozi ya ng'ombe, ikapigwa kwenye karatasi, hadi serikali ikawa na Mpiga Chapa Mkuu wake. Ukoo mzuri, sikatai. Tatizo ni kwamba chapa hiyohiyo iliingia dukani ikawa alama ya biashara, na mtu anayenunua kiberiti chapa hii au sabuni chapa ile akisikia "chapa ya kwanza" ataelewa kwamba anauziwa bidhaa bora kuliko nyingine zote. (Naona, kwa furaha, kwamba hoja hii imejitokeza katika maelezo ya chini ya rasimu, pasipo kusemwa imetoka kwa nani.)

Neno ni limbuko. Kulimbua ni kuonja mavuno mapya kwa mara ya kwanza. Limbuko ni yale mavuno ya mwanzo yenyewe, kabla shamba halijavunwa lote. Wakristo wanalijua zaidi kwa wingi wake, malimbuko, yanayopelekwa kanisani. Tazameni lilivyobeba kila kitu: uchache wa kiasi, utangulizi wa wakati, heshima ya kutolewa kwanza, na ile dosari ya kilichowahi kuiva. Mavuno ya baadaye yanaweza kuwa matamu zaidi. Hayawezi kuwa limbuko.

Hilo la dosari ndilo linalonifanya nisirudi nyuma. Mwaka 1975 Doubleday walitoa *'Salem's Lot*, ile ya King ya wanyonya damu (walioita viumbe hao mumiani nitawashughulikia siku nyingine). Karatasi inayofunika jalada ilipigwa ikiwa na bei ya dola 8.95, na kwenye ukunjo wake ikamtaja Padri Cody. Ndani ya riwaya padri anaitwa Callahan; Cody ni daktari. Kampuni ikaamua kushusha bei, pembe zikakatwa, bei mpya ya 7.95 ikawekwa, na padri bado ni Cody. Baadaye ndipo karatasi nyingine ikapigwa, yenye 7.95 na Padri Callahan aliyerudishiwa jina lake. Karatasi yenye kosa na bei ya juu ambayo haikukatwa ni adimu mno, na wakusanyaji huilipia fedha za kununulia gari. Makosa yenyewe ndiyo ushahidi. Niambieni ni wapi katika "toleo la kwanza" padri huyo anaingia.

Mwenzangu mmoja mwenye safu gazetini, gazeti ambalo siku hizi silisomi, amesema limbuko linanuka shamba. Anasahau kwamba chama chake kina mashina na matawi, na sijamwona akienda mkutanoni na jembe. Yeye anapendekeza "kifungua mimba". Kifungua mimba ni mtoto mmoja; *Carrie* ya kwanza ilikuwa nakala zipatazo 30,000. Namwachia hesabu hiyo yeye na mkunga wake.

Nije kwenye kosa la pili. Tabaruku imetoka Uarabuni, katika ukoo mmoja na baraka, na katika vitabu vyetu ni ukurasa uliochapwa ambapo mtunzi anamtunuku mtu kazi yake. Ukurasa huo umo katika kila nakala. Mary Shelley alimtabarukia *Frankenstein* baba yake, William Godwin, na jina hilo limechapwa. Lakini kuna nakala moja aliyopelekewa Lord Byron, ikiwa na mwandiko wa mtunzi mwenyewe unaomtaja Byron. Juzuu yake ya kwanza kati ya tatu ilionyeshwa London mwaka 2012, ikiuzwa. Kwa Kiswahili cha kamati, kitabu hicho "kimetabarukiwa" Byron, na mzee Godwin amefukuzwa katika kitabu cha binti yake. Kumbe kauli ya kutendewa ipo tangu zamani, inasubiri tu kutumwa: Byron aliandikiwa. Nakala ya kuandikiwa, basi. Na siku ikipatikana ambayo Godwin mwenyewe aliandikiwa, itakuwa na tabaruku na mwandiko pamoja, na bei yake sitaki kuifikiria, maana hata nakala isiyoandikiwa mtu iliuzwa Christie's, New York, mwaka 2021 kwa dola milioni 1.17.

Saini nimeiacha ipite. Sahihi ilikuwa hapa kabla yake, lakini orodha ya muuzaji ikisema "nakala yenye sahihi" na nyingine "nakala sahihi", mteja ataumia.

Kwa matumizi, kwa kifupi: limbuko, limbuko lenye saini, limbuko la kuandikiwa. Toleo libaki kwa maandishi yaliyobadilishwa, tabaruku kwa ukurasa uliochapwa. Na mtu akiwaletea limbuko la *The Outsider and Others* la Arkham House, lile la mwaka 1939 lenye nakala 1,268, likiwa na saini ya H. P. Lovecraft, msinunue: Lovecraft alifariki 1937.