Neno na Matumizi: Kihatarishi si Hatari

Nasikia wasimamizi wakichanganya "hatari" na "kihatarishi", na anayeumia ni mkata miwa wa Ruhembe, jirani na Mikumi. Hatari, neno lenye asili ya Kiarabu, ni uwezekano wa kudhurika. Kihatarishi, kutoka kitenzi hatarisha, ndicho chanzo chake: kuinama kutwa na panga, au kubeba matita ya mkonge begani kule Kimamba, Kilosa. Ukiandika "kihatarishi: mgongo" kwenye tathmini ya kazi, hujatathmini chochote, mgongo ndio unaoumia! Andika "kuinama" au "kubeba", nawe utaona cha kupunguza: panga linolewe, mizigo igawanywe, watu wapumzike. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambebesha mwajiri wajibu huo wa kutathmini na kupunguza. Ama "ajali", hiyo si uwezekano tena wala chanzo: imeshatokea.