Modichipu ya Nintendo Switch: Inavyofungwa, inavyofanya kazi na hatari zake

Nintendo Switch ni konsoli ya gemu ya kushika mkononi iliyoingia sokoni Machi 3, 2017, na zimeshauzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Kama konsoli nyingine, haiwashi programu yoyote isiyo na saini ya kidijitali ya kampuni iliyoitengeneza. Modichipu ni kibodi kidogo kinacholehemiwa ndani ya konsoli ili kukiruka kizuizi hicho.

Kwa macho kazi inaonekana ndogo: nyaya sita au saba, kibodi cha ukubwa wa kidole gumba, basi. Lakini tone la risasi likianguka pasipo pake, konsoli imekwenda. Na hata fundi akifaulu, kuna mengine yanafuata, kuanzia kufungiwa mtandaoni mpaka mkono wa sheria.

Kwa nini chipu na sio programu tu?

Switch za mwanzo hazikuhitaji chipu. Aprili 2018 watafiti wa usalama walitangaza kasoro iliyopewa jina la Fusée Gelée, iliyokuwa ndani ya prosesa ya Nvidia Tegra X1. Kasoro hiyo ilikaa kwenye sehemu inayosomwa kwanza kabisa konsoli inapowashwa, ambayo huandikwa kiwandani.

Bila kufungua skrubu hata moja, mtu aliweza kugusanisha pini kwenye reli ya mkono wa kulia, akachomeka waya wa USB na kuingiza programu yake. Nintendo haikuweza kuziba tundu hilo kwa sasisho la mtandaoni kwa konsoli zilizokwisha kuuzwa.

Kuanzia katikati ya 2018 konsoli mpya zilitoka kiwandani zikiwa zimezibwa. Mwaka 2019 ikaja Switch yenye prosesa iliyoboreshwa na betri inayodumu saa 4.5 hadi 9, badala ya 2.5 hadi 6.5 za mwanzo. Septemba mwaka huo ikatoka Switch Lite, na Oktoba 2021 ikafuata yenye skrini ya OLED. Zote hizi ule mlango wa USB haupo. Hapo ndipo chipu ya kulehemu ilipopata soko.

Chipu inafanya nini hasa?

Konsoli ikiwashwa, prosesa husoma programu ya kuanzia kutoka kwenye kumbukumbu ya ndani, kisha inakagua saini yake. Saini ikiwa sahihi inaendelea, ikiwa ya uongo inasimama.

Modichipu inasikiliza nyaya za kumbukumbu hiyo ili ijue ukaguzi unafanyika muda gani. Wakati uleule inaishusha ghafla volti ya prosesa kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko kupepesa jicho mara maelfu. Prosesa ikikosa umeme wa kutosha kwa kitambo hicho inakosea hesabu, na ukaguzi unapita kama vile saini ilikuwa halali.

Si kila jaribio linafaulu. Chipu ikikosa, inaiwasha konsoli upya na kujaribu tena. Mara ya kwanza huchukua muda zaidi, kwa sababu chipu inatafuta vipimo vinavyoendana na konsoli hiyo. Ikishavipata inavihifadhi, na baadaye kuwaka kunakuwa kwa haraka.

Chipu za kwanza za aina hii, SX Core na SX Lite, zilitoka mwaka 2020 kwa kundi lililoitwa Team Xecuter. Baadaye zikaja nakala zake za HWFLY, na kisha Picofly, inayotumia chipu ya RP2040 ya Raspberry Pi. RP2040 ilitoka Januari 2021 kwenye kibodi cha Pico kilichouzwa dola 4 tu. Kifaa kilichokuwa cha siri na ghali kikawa cha kila mtu.

Vifaa vya kazi

Fundi wa simu anayebadilisha aisii anavijua karibu vyote:

- Hadubini. Kapasita zilizo pembeni ya prosesa ni ndogo kuliko punje ya mchele, kwa hiyo kufanya kwa macho matupu ni kubahatisha.
- Chuma cha kulehemia chenye ncha nyembamba na joto linalorekebishwa.
- Risasi nyembamba. Mchanganyiko wa bati 63 na risasi 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi, wakati zile zisizo na risasi zinazotumika viwandani huhitaji karibu nyuzi 217 au zaidi.
- Flaksi, ile pesti inayosafisha shaba na kufanya risasi ishike.
- Waya mwembamba wa shaba wenye vanishi.
- Mita ya umeme.
- Bisibisi ya ncha tatu, kwa sababu skrubu za mgongoni mwa Switch hazifunguki kwa bisibisi ya kawaida.
- Pesti mpya ya joto kwa ajili ya prosesa.

Hatua za kufunga

Kwanza ni betri. Kifuniko cha nyuma na bati la ndani vikishatoka, waya wa betri unachomolewa kabla ya kugusa chochote. Betri ya Switch ya kawaida ni ya mAh 4310. Chuma cha moto kikigusanisha njia mbili za bodi wakati betri imechomekwa, shoti inaua konsoli papo hapo.

Pili, bati la kupoozea linaondolewa na pesti ya zamani inafutwa ili prosesa ionekane.

Tatu, kebo bapa inalazwa juu ya prosesa na kulehemiwa kwenye kapasita mbili za pembeni. Hii ndiyo njia ya kushusha volti, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kapasita zenyewe zimeshikiliwa na risasi ya kiwandani, kwa hiyo ukizidisha joto au kuivuta kebo, kapasita inang'oka. Mafundi wazoefu huongeza risasi kidogo kwenye kila ncha, wanaweka flaksi ya kutosha, halafu wanagusa kwa sekunde moja au mbili na kuondoa mkono.

Nne ni nyaya za kumbukumbu: ya amri, ya saa na ya data, pamoja na waya wa kuwasha upya, wa volti 3.3 na wa ardhi. Ugumu hapa unategemea toleo. Kwenye Switch ya kawaida, kumbukumbu ya ndani ni kibodi kinachochomoka, kwa hiyo adapta inapachikwa chini yake bila kulehemu. Kwenye Lite na OLED imelehemiwa kwenye bodi, na kwenye OLED waya wa data umejificha chini yake.

Wengi huchomeka kiadapta chembamba chini ya chipu hiyo hadi kiguse kitone cha risasi kinachotakiwa. Kikisogea baadaye, konsoli inaanza kugoma kuwaka. Wengine huchimba bodi kwa nyuma mpaka wakutane na njia ya shaba. Mbinu hiyo inaitwa kamikaze, na jina lenyewe linatosha: ukipitiliza kidogo tu, njia imekatika.

Tano ni kupima. Kabla ya kurudisha betri, fundi makini anapima kila waya kwa mita kuona kama kuna shoti au kama risasi haikushika. Anayeruka hatua hii ndiye anayekuja kushangaa baadaye.

Mwisho, betri inarudi na konsoli inawashwa. Kama kila kitu kiko sawa lakini hakuna memori kadi, skrini inaonyesha maneno "No SD card". Kwa fundi hiyo ni habari njema, maana chipu imeshika. Picofly ikishindwa inawashawasha taa yake, mwako mrefu na mfupi kwa mpangilio maalumu, kuonyesha ni waya upi haujashika.

Nakala ya kumbukumbu kwanza

Kabla ya kuweka programu yoyote, kumbukumbu yote ya ndani hunakiliwa na nakala kuhifadhiwa nje ya konsoli. Kila Switch ina funguo zake za siri na vyeti vyake. Vikiharibika haviwezi kuazimwa kutoka konsoli ya jirani, kwa sababu data ya konsoli moja haifunguki kwenye nyingine. Asiye na nakala hiyo, kosa dogo la programu linaweza kuwa la kudumu.

Ndiyo maana wengi huacha mfumo wa asili bila kuguswa na kutumia nakala iliyo kwenye memori kadi. Programu inayotumika sana ni Atmosphère, ambayo msimbo wake uko wazi. Wapo wanaoitumia kwa gemu walizotengeneza wenyewe au kwa kuhifadhi maendeleo yao ya kucheza. Lakini ukweli haufichiki: matumizi yanayoisumbua Nintendo zaidi ni gemu za wizi.

Kufungiwa mtandaoni

Konsoli iliyofanyiwa mabadiliko ikiingia mtandaoni inaweza kugundulika na kufungiwa. Ujumbe wake una namba 2124-4007. Kinachofungiwa hapo ni konsoli yenyewe, kwa hiyo kubadilisha akaunti hakusaidii. Duka la gemu na kucheza na wengine mtandaoni vyote vinakatika.

Mei 2025, wiki chache kabla ya Switch 2 kutoka Juni 5, Nintendo ilibadilisha masharti yake kwa watumiaji wa Marekani. Sasa yanasema kampuni inaweza kukifanya kifaa kilichochezewa kisitumike kabisa, chote au sehemu yake.

Sheria inasemaje?

Marekani, sheria ya DMCA ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kinga za kidijitali na kuuza vifaa vya kuzivunjia. Kesi iliyotikisa zaidi ni ya Gary Bowser, raia wa Canada aliyekuwa Team Xecuter. Alikamatwa Jamhuri ya Dominika mwaka 2020, akakiri makosa, na Februari 2022 akahukumiwa miezi 40 jela. Alikubali pia kuilipa Nintendo dola milioni 4.5 kwenye kesi ya jinai na milioni 10 kwenye kesi ya madai. Aliachiwa mapema mwaka 2023, lakini deni lilibaki palepale.

Japan nako, Januari 2025 polisi walitangaza kumkamata mtu aliyeshukiwa kuuza Switch alizozifunga chipu. Kwa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inahesabu kuvunja kinga ya kiteknolojia ya kazi ya mtu kuwa ukiukaji wa hakimiliki. Kwa hiyo fundi anayedhani hatari yote iko kwenye ncha ya chuma anakosea. Anayefunga kwa ajili ya biashara ndiye anayeanza kuandamwa.

Kwa anayenunua Switch iliyotumika

Hata asiyetaka modichipu anaweza kuuziwa konsoli yenye chipu bila kujua. Kabla ya kutoa hela:

- Memori kadi itolewe, kisha konsoli izimwe kabisa na kuwashwa. Ikitokea "No SD card" mwanzoni, ndani kuna chipu.
- Iunganishwe na intaneti na duka la gemu lifunguliwe. Ikija 2124-4007, imeshafungiwa.
- Skrubu za nyuma ziangaliwe. Zilizolika au zisizolingana zinaonyesha imewahi kufunguliwa.
- Izimwe na kuwashwa mara kadhaa. Inayowaka leo na kugoma kesho huenda ina waya usioshika vizuri.
- Ichezwe dakika 20 hadi 30. Ikichemka kupita kiasi au kuzima yenyewe, huenda pesti ya joto haikurudishwa sawasawa.

Bei ya Switch iliyofungiwa haitakiwi kulingana na ya nzima. Muuzaji anayekataa konsoli isiunganishwe na intaneti mbele ya mteja, jibu lake limeshatosha.