Tope la Kondoa

Juma hili nataka tuizungumzie barabara ya Dodoma kwenda Kondoa.

Mwezi Aprili 1916, wapanda farasi kutoka Afrika Kusini wakiongozwa na Jenerali Van Deventer waliteremka kutoka Arusha wakaiteka Kondoa Irangi. Shabaha yao ilikuwa Reli ya Kati, iliyokwisha kufika Dodoma tangu 1910. Zilibaki kilomita zipatazo 160 tu. Lakini mvua ilikuwa inanyesha. Njia ikageuka tope, magari yakakwama, farasi wakafa kwa wingi, na chakula kikawa kinabebwa na wapagazi vichwani. Mwezi Mei Wajerumani wa Lettow-Vorbeck waliwashambulia, lakini hawakuweza kuwang'oa. Hata hivyo, Dodoma haikutekwa mpaka mwishoni mwa Julai.

Tope hilo nalifahamu. Wakati wa mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998, nilisafiri njia hiyo nikiwa kijana. Basi letu lililala ukingoni mwa korongo tukingoja maji yapungue. Miongoni mwetu alikuwamo mama aliyekuwa akimpeleka mwanawe hospitali. Kulipopambazuka alimfunga mtoto mgongoni akarudi alikotoka kwa miguu.

Wakati huo uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, uliopitishwa mwaka 1973, ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa na Rais Magufuli Aprili 2018. Hesabu mwenyewe: miaka 45.

Watu wengi hudhani kuwa lami ndiyo barabara. Sivyo. Mapema katika karne ya 19, Mskoti John McAdam alifundisha kwamba anayebeba mzigo ni udongo wenyewe, mradi ubaki mkavu. Yeye alitandaza kokoto ndogo zilizopondwa, akainua tuta kidogo katikati ili maji yatiririke pembeni. Wala hakutumia lami. Lami ilikuja baadaye, na kazi yake kubwa ni kuwa mwavuli wa kuzuia maji yasipenye.

Sisi wa uwanda wa kati tunalo jiwe gumu la kuponda kokoto. Lakini katika mbuga zetu tunao pia udongo mweusi, ambao hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Juu ya udongo wa namna hiyo, mtaro ulioziba ni hatari kuliko lori.

Sasa tazama mitaa yetu. Huyu anatupa taka mtaroni. Yule anakata lami apitishe bomba la maji, kisha anafukia kwa mchanga. Mvua ya kwanza inapenya hapo, ya pili inachimba shimo.

Ndugu zangu, lile tope lililowakwamisha wanajeshi mwaka 1916 halijaondoka. Lipo chini ya lami, linangoja maji. Zibua mtaro ulio mbele ya nyumba yako kabla ya Desemba.