Mwenzi wako anaogopa bunduki? Anza na usalama, shabaha baadaye



Watu wetu walioko Marekani, hasa majimbo kama Texas ambako bunduki ndani ya nyumba ni kitu cha kawaida, wanakutana sana na jambo hili: mmoja kanunua bastola kihalali, mwenzake hataki hata kuiona. Sio ajabu. Tulikotoka, wengi wetu bunduki tulizoziona ni za polisi, za mlinzi wa benki au za majambazi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wengine waliziona vitani. Kwa hiyo woga wa mwenzio usiuite ushamba, una sababu zake.

Hoja yangu ni moja. Somo la kwanza sio la kumfanya aipende bunduki. Ni la kuhakikisha hakuna mtu mzima anayelala nyumba moja na silaha asiyoijua. Akishajua usalama halafu akasema kufyatua hataki, hiyo ni haki yake na somo limefaulu. Haya, tuende hatua kwa hatua.

1. SHERIA KWANZA
Hapa wengi wanapitiwa. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeko nchini bila kibali, na kwa kawaida hata mwenye viza ya muda (ya masomo au ya kutembea), kuwa na bunduki au risasi. Kuishika tu na kuifyatua uwanjani kunaweza kuhesabiwa ni "kuwa nayo". Kuna misamaha michache, mfano mwenye leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Mwenye ukaazi wa kudumu (ile kadi ya kijani) anaruhusiwa kama hana kizuizi kingine. Kila jimbo nalo lina sheria zake juu ya hizo. Kama mkeo au mumeo kaja juzi na viza, muulizeni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutoka nyumbani, maana kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kumrudisha mtu kwao.

2. MUULIZE ANAOGOPA NINI
Usikisie. Kama ni kelele, dawa ipo. Kama ni watoto, dawa ni sefu. Kama ni kumbukumbu za vita au ujambazi, usimsukume hata kidogo, na akisema basi, iwe basi. Na kama anachoogopa ni wewe mwenyewe, hasira zako au pombe zako, hapo mafunzo hayasaidii. Bunduki itoke ndani ya nyumba hiyo.

3. MEZANI, BILA RISASI
Risasi zote ziwekwe chumba kingine. Kisha mfundishe kanuni nne zilizoenezwa na Jeff Cooper (1920-2006), aliyekuwa ofisa wa jeshi la Marines na aliyeanzisha shule ya kulenga shabaha Arizona mwaka 1976:

- Kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi, hata kama umeikagua sasa hivi.
- Usielekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu.
- Kidole kikae nje ya triga mpaka umeshalenga na umeamua kufyatua.
- Ijue shabaha yako, na kilichoko nyuma yake.

Kwa nini nne? Kwa sababu zinalindana. Ukiteleza moja, nyingine inaokoa: bunduki ikilia kwa bahati mbaya lakini mtutu unatazama pasipo na mtu, hakuna anayekufa.

Halafu mwonyeshe jinsi ya kuihakikisha bastola kuwa tupu. Magazini inatoka KWANZA, ndipo unavuta sehemu ya juu nyuma, unaangalia chemba kwa macho na kugusa kwa kidole. Ukigeuza mpangilio, ukavuta kwanza na magazini ikiwa ndani, unaingiza risasi nyingine kwenye chemba bila kujua. Na wengi wanaamini magazini ikitoka bunduki ni tupu. Sio kweli, risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba, na hiyo moja inatosha. Arudie yeye mwenyewe, taratibu, mpaka mikono itulie.

4. SIKU YA UWANJANI
Ikiwezekana asimfundishe mwenzi wake. Mnajua wenyewe mume akimfundisha mke gari kunakuwaje. Tafuteni mkufunzi mwenye cheti, wewe kaa pembeni, nyamaza.

Aanze na bunduki ya risasi ndogo, .22 LR. Risasi hii ipo tangu 1887, bei yake nafuu na msukumo wake begani au mkononi ni mdogo. Lakini isidharauliwe, inaua, na mlio wake unaweza kufika desibeli 140 hivi, kiwango kinachoweza kuumiza masikio. Kwa hiyo avae vizibo ndani ya masikio na vifunikio juu yake, pamoja na miwani ya kukinga macho. Chagueni uwanja wa nje, siku ya kazi asubuhi, wakati watu ni wachache. Uwanja wa ndani kelele za majirani zinamtisha mtu kuliko bunduki yake.

Nguo iwe na shingo iliyofunga. Ganda la risasi linatoka la moto, likiingia kifuani mtu anaruka na silaha ikiwa mkononi. Mjamzito asiende, kwa ajili ya kelele na vumbi la madini ya risasi. Wengine wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Shabaha iwe kubwa na karibu, hatua tano au saba. Ijazwe risasi MOJA tu, afyatue, aweke chini, apumue. Akizoea ndio ziongezwe. Na ule mchezo wa kumpa mgeni bunduki kubwa ili mcheke akirushwa nyuma, acheni. Ni hatari, na huyo hatarudi tena uwanjani. Malizeni mapema, angali anataka kuendelea.

5. MKIRUDI NYUMBANI
Kubalianeni: bunduki ikae kwenye sefu ikiwa tupu, risasi zifungiwe mbali nayo, na mjue nani ana funguo au namba. Juu ya kabati sio maficho, watoto wanapajua kuliko nyie. Pia mkumbuke kuwa Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu kujiua wenyewe. Mwaka 2021 vilikuwa 26,328 kati ya 48,830. Kwa hiyo wekeni ahadi mapema: mmoja wenu akizama kwenye huzuni nzito, silaha inatoka nyumbani kwa njia halali bila ubishi, na aliyekuwa mwoga awe na sauti sawa kwenye uamuzi huo.

Nawasilisha. Wakufunzi na wenye uzoefu wa majimbo mengine, karibuni hapo chini muongezee. Tuelimishane bila matusi.